Tabora Siuzi

Sehemu ya Tisa

Mlango wa sebule bado umefungwa, na ufunguo wake bado uko mkononi mwa Adinani.

Hapo ndipo tulipowaacha Jumamosi iliyopita, msomaji. Watu watatu ndani ya sebule moja mtaa wa Isevya, na katikati yao, juu ya mkeka, kisanduku cha mbao chenye santuri sita.

Mwanamkuu, muuza asali, ndiye mwenye kisanduku. Rafiki yake Elieth wa Igunga alikiona mtandaoni, kwenye ukurasa unaoitwa Santuri za Kale, akaishangaa bei, akamnunulia. Seti nzima ya muziki wa zamani kwa bei ambayo hapa mjini hupati hata kanga nzuri. Picha ilionyesha santuri ya juu: Ng'ambo Jazz, bendi ya marehemu Mzee Majidi, baba yake Mwanamkuu.

Na kwenye karatasi ya katikati ya santuri hiyo, Mwanamkuu alikuta tone la nta lenye alama ya kidole gumba. Kidole chenye kovu la kisu. Kidole cha baba.

Ilikuwa santuri ya nyumba hii hii. Ilitoka kwenye sanduku la mninga ambalo wote waliamini limetulia chumbani kwa marehemu. Walipokwenda kutazama, hapakuwa na sanduku. Na tangu msiba, ufunguo wa chumba hicho alikuwa nao mtu mmoja tu: Abasi, fundi redio, anayetarajia kumwoa Mwanamkuu mwezi ujao.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, fundi," alisema Adinani, kaka yake Mwanamkuu. "Sanduku la baba liko wapi?"

"Sikuliiba, shemeji."

"Usiniite shemeji. Harusi haijafika."

Abasi alikuwa amekaa kitako, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kusubiri zamu yake kwa daktari.

"Sawa," alisema Adinani. "Adhuhuri tumeshaswali. Alasiri ikiadhiniwa hujasema, tunakwenda kituoni, mimi na wewe, kwa miguu, watu wote wa Isevya wakiona. Na mwezi ujao dada yangu hataolewa na mtu."

Mwanamkuu alimtazama kaka yake, akamtazama mchumba wake. Hakulia. Wanaomfahamu wanajua kwamba asali mbichi haipimi mpaka povu lishuke.

"Kaka," alisema, "kabla ya kituo, tusikilize tulichouziwa."

"Tusikilize nini? Alama ya baba huioni?"

"Naiona moja. Santuri ziko sita."

Gramafoni ya Abasi ilikuwa pale pale, ameileta mwenyewe asubuhi, kabla hajajua kwamba ataitwa mwizi. Abasi alipuliza vumbi kwenye sindano, akaichukua santuri yenye nta, akaiweka.

Aliiweka nta ikiwa chini.

Mwanamkuu aliliona hilo.

Gita likaanza. Kisha sauti ya Mzee Majidi ikajaa sebuleni, changa, yenye mzaha, ikimwita msichana wa Kachoma atoke nje aone vumbi la wachezaji. Adinani aligeuka ukutani. Tangu wamzike, hakuwa amewahi kuisikia sauti ile.

"Ni yeye," alisema taratibu. "Toa. Weka ya pili."

Ya pili ilikuwa ndani ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Abasi aliishika kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Akaiweka.

Hapakuwa na gita. Palikuwa na mwanamume akihesabu kwa Kijerumani, polepole, kama mwalimu wa chekechea. Alipofika tatu alikwama. "Drai. Drai. Drai. Drai."

Abasi aliinyanyua sindano upesi mno.

Msomaji, upesi ule ndio uliomchoma Mwanamkuu moyoni. Santuri ile aliijua! Aliisikia kwenye karakana ya Abasi, karibu na stesheni, siku alipompelekea redio ya mama yake kwa mara ya kwanza. Alicheka mpaka akaketi. Kwa miezi mingi wakawa wanaitana "Drai", yeye na Abasi, mbele za watu, na hakuna aliyejua maana yake.

Sasa mwalimu yule yule wa Kijerumani, aliyekwama pale pale, ametoka ndani ya kisanduku cha mwizi.

Alikuwa na neno moja tu la kusema na mchumba wake angeingia lokapu. Akalimeza.

"Nyingine," alisema.

Ya tatu ilikuwa mahubiri. Ya nne ilikuwa imepinda kama kawa, haikulia kabisa. Ya tano na ya sita, muziki wa ng'ambo ya mbali usiojulikana mkia wala kichwa.

"Wizi wa macho!" Adinani alipiga paja. "Santuri moja ya kweli juu, chini takataka. Ndiyo maana bei ya kutupa."

"Sanduku la mzee lilikuwa na santuri sita," alisema Abasi. "Huenda kila kisanduku kimewekewa moja. Visanduku sita, watu sita."

Adinani alimgeukia taratibu.

"Fundi anazijua sana mbinu za wezi."

"Nimekisia tu."

"Umekisia vizuri. Askari watafurahi kukisia na wewe."

Mwanamkuu alikuwa ameinamia kisanduku, pua yake karibu iguse mbao. Ndani kilikuwa kimetandikwa kipande cha gunia. Akakivuta, akakinusa, akampa kaka yake.

"Nusa."

"Ninuse nini? Mimi mbwa?"

"Nusa, kaka."

Adinani alinusa. Akakunja uso. Mtu wa Tabora hahitaji kuambiwa harufu ile. Ni tumbaku kavu, ile ya kwenye ghala, inayoingia nguoni na kukaa mpaka nguo ichakae.

"Muuzaji anasema yuko Dar es Salaam," alisema Mwanamkuu. "Dar wanafungia mizigo kwa magunia ya tumbaku?"

"Urambo," alisema Adinani. "Au Kaliua."

"Ngoja kwanza."

Alitoa simu yake ndogo, yenye laini mpya anayoitumia kuuzia asali, ambayo wachache wanaijua. Aliufungua ukurasa wa Santuri za Kale, akaandika huku akisoma kwa sauti ili wote wasikie.

"Habari. Seti za Ng'ambo Jazz bado zipo?"

Jibu lilirudi haraka. "Zipo. Nakupunguzia."

"Sijaomba kupunguziwa na ananipunguzia," alisema Mwanamkuu. Akaandika tena. "Nipo Tabora mjini. Nielekeze nizifuate."

Hapo muuzaji akachelewa. Maneno yalionyesha kwamba anaandika, yakapotea, yakarudi, yakapotea tena. Hatimaye jibu likaingia, maneno mawili.

"Tabora siuzi."

"Kwa nini?" aliandika Mwanamkuu.

Picha ya ukurasa ikafutika mbele ya macho yao.

"Kanibloku," alisema.

"Si unaona!" Adinani alisimama. "Huyo anatujua. Anajua mali ya Tabora ikirudi Tabora itatambulika. Mtu wa hapa hapa, anauza huko, anakwepa hapa. Na mtu wa hapa mwenye ufunguo..."

"Kaka, keti."

"Siketi!"

"Basi simama, lakini nijibu. Kwa macho yako, si kwa kuambiwa. Sanduku la baba uliliona mara ya mwisho lini?"

Adinani alihesabu siku kwa vidole.

"Msibani," alisema.

"Msibani wapi?"

"Siku ya maziko. Tulipotoka makaburini. Mzigua alikuwa amelibeba kichwani."

Wote wawili walikuwa wameirudia siku ile.

Wasomaji wa mbali huenda hawajui. Sisi Wanyamwezi tuna watani wetu, na Wazigua wamo, tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishusha pembe na mizigo mpaka pwani na kupita kwao. Msiba ukitokea, mtani anakuja. Huko watu wanalia, yeye anaigiza kikohozi cha marehemu. Anaingia ndani, anabeba anachokitaka, anasema marehemu alikuwa na deni lake, na wenye msiba wanapaswa kukikomboa. Kumkasirikia ni aibu kuliko kuibiwa.

Mtani wa nyumba ile alikuwa Benjamini, Mzigua wa Handeni, mfanyakazi wa zamani wa reli aliyestaafia Kaliua. Siku ile alilitwika sanduku la santuri, akacheza nalo uani kwa mwendo wa bendi, akatoka nalo barabarani, na msiba mzima ukacheka mpaka machozi yakabadilika ladha.

"Nani alikwenda kulikomboa?" aliuliza Mwanamkuu.

"Si wewe?"

"Mimi? Mimi nilijua ni wewe. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba."

"Na mimi nilijua ni wewe. Wewe ndiye unayepanda treni kila mara kufuata asali."

Walitazamana. Sanduku lilitoka mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, kwa shangwe. Hakuna aliyelitafuta, kwa sababu hakuna anayefikiria kwamba kitu kilichochukuliwa na mtani kimepotea.

Na Abasi alikabidhiwa ufunguo wa chumba kesho yake.

Adinani alijikuna shingo. "Kaliua," alisema. "Tumbaku. Mzigua ametufanyia utani mpaka akaufanya biashara!"

"Kaliua yuko mama mdogo pia," alisema Mwanamkuu. "Na mama yetu yuko huko huko tangu mwezi uliopita."

"Sasa mama mdogo ndiye auze santuri mtandaoni? Yule hata kuzima tochi ya simu anaita jirani. Mpigie Mzigua."

Mwanamkuu alipiga, akaweka spika.

"Wapagazi wangu!" sauti ya Benjamini iliingia kwa kishindo. "Hamjambo? Nani leo amewapa ruhusa ya kutua mizigo na kushika simu?"

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Yule fundi wako wa waya bado hajapigwa na shoti nikuoe mimi?"

"Bado. Sisi ni wapagazi, sawa, lakini ninyi mlikaa kandokando ya njia mkituuzia maji ya mto wenu wenyewe."

"Na mlikuwa mnanunua! Hamna akili tangu zamani."

Hata Adinani alishindwa kuzuia tabasamu. Akalifuta upesi.

"Babu, nimepiga kwa ajili ya sanduku," alisema Mwanamkuu. "Lile la msibani. Nataka kulikomboa."

Kicheko cha Benjamini kilikatika.

"Umechelewa. Mkombozi wenu alishakuja."

"Nani?"

"Nililipwa jogoo mweupe na kibuyu cha asali, nikalirudisha siku hiyo hiyo niliyoitwa. Mambo yakaisha."

"Nani alikulipa, babu?"

"Aliniomba nisimtaje. Nami ni mtu mzima."

Adinani alimnyooshea Abasi kidole. "Ni huyu! Muulize kama ni huyu!"

"Nani anabweka huko?" aliuliza Benjamini. "Adinani? Bado hujaoza meno kwa kelele?"

Mwanamkuu aliitoa simu mbali na kaka yake. Alasiri ilikuwa inakaribia. Watoto wa madrasa walikuwa wameanza kupita dirishani. Aliongea polepole.

"Babu, nisikilize. Siku yako ikifika, nani atakuja kulala ndani ya kaburi lako na kukataa kutoka mpaka alipwe?"

"Wewe, nani mwingine?"

"Nani atavaa kofia yako ya reli na kupuliza filimbi watu wako wakilia?"

"Wewe."

"Basi mimi sitakuja. Nitakaa hapa Isevya niuze asali yangu. Utazikwa kimya, kama mtu asiye na mtani."

Haukuwa mzaha tena, na wote walijua.

"Usiape hivyo, mjukuu," alisema Benjamini. Hakusema mke wangu. "Mambo yana uzito gani huko?"

"Mtu anapelekwa polisi kwa ajili ya sanduku lile. Abasi."

"Astaghfiru... mmeshaanza kuniambukiza. Sikiliza. Jina silitaji, niliahidi. Lakini nitakwambia hivi. Nilirudisha sanduku kwa mlango wa uani, jioni, kwa sababu aliyelikomboa hakuruhusiwa kutoka nje. Alikuwa amekaa eda."

Simu ikakatika.

Katika nyumba ile, mtu mmoja tu ndiye aliyekaa eda.

"Mama," alisema Mwanamkuu.

"Mama hawezi!" Adinani alipiga kelele, lakini sauti yake haikuwa na miguu. "Mama aziuze nyimbo za baba? Kwa bei ya mitumba? Afungie kwenye gunia la..."

Alimalizia mwenyewe kichwani. Mume wa mama mdogo ana ghala la tumbaku Kaliua. Na Bi Zuwena, mama yao, si kama mama mdogo. Bi Zuwena ndiye mweka hazina wa kikundi chake cha akina mama, anatuma picha na miamala kutoka kwenye simu yake kila wiki, na akikuandikia haweki kosa hata moja.

Mwanamkuu hakuwa anamtazama kaka yake. Alikuwa anamtazama Abasi. Kwa sababu Abasi, msomaji, hakuwa ameshtuka hata kidogo.

"Drai," alimwita.

Abasi aliinamisha kichwa.

"Nimeitambua tangu ilipokwama," alisema Mwanamkuu. "Nimekaa nayo moyoni nikisubiri uiseme mwenyewe. Sema."

"Mama mkwe alikuja karakana alipotoka eda," alisema Abasi. "Aliniomba santuri mbovu, zozote. Nikampa kapu zima. Baadaye akaniomba nimtengenezee visanduku sita. Sikumwuliza. Nilipoiona picha mtandaoni nikaelewa, nikampigia. Akanisihi nisimwambie mtu yeyote wa nyumba hii."

"Ulikuwa radhi kwenda lokapu?" Adinani aliuliza. Safari hii hakuuliza kwa ukali.

"Lokapu ningetoka, shemeji. Kumwanika mama mkwe, ningetokaje?"

Adinani alikaa chini. Alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka kumtembeza Isevya nzima.

"Nisamehe, shemeji," alisema mwishowe.

Abasi aliitikia kwa kichwa. Mwanamkuu hakuitikia. Bado.

"Kwa nini bei ya kutupa?" aliuliza.

"Nilimwuliza hilo hilo. Akasema, anayeuza ghali anataka pesa, mimi nataka ziende mbali. Zisikae nyumba moja. Zisikae mji mmoja."

"Kwa nini?"

"Hakuniambia."

"Na kwa nini uliiweka nta chini?"

Huko nje, muadhini alikuwa anajaribu kipaza sauti, akikikwaruza kwa kucha.

"Nilimwahidi kwamba ikitokea mojawapo ikarudi hapa, upande wenye nta usipigwe."

Mwanamkuu aliinua santuri ya baba yake. Miaka yote alidhani nta ni alama ya upande wa kuanzia. Ndivyo baba alivyowaambia walipokuwa wadogo. Sasa alikumbuka kwamba hakuwahi, hata siku moja, kumwona akiupiga upande ule watoto wakiwa ndani.

Aliigeuza. Nta ikawa juu, kidole gumba cha baba kikimtazama. Akaishusha kwenye gramafoni.

Simu ikalia. Ile yake kubwa, siyo ya asali.

Mama.

Alibonyeza, na vidole vyake vikiwa bado vimezoea simu ya Mzigua, vikaweka spika.

"Mzigua amenipigia," alisema Bi Zuwena. Hakuuliza hali, hakusubiri shikamoo. "Kwanza mwacheni Abasi. Hana kosa. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama. Ameshaachwa."

"Ile santuri. Mmeipiga?"

"Upande mmoja."

"Upi?"

"Usio na nta."

Waliisikia pumzi yake, ndefu, kutoka Kaliua.

"Mwanamkuu, mwanangu. Najua hutaacha kuipiga, nakufahamu. Basi nijibu kwanza. Adinani yuko hapo?"

"Yuko."

"Anasikia?"

Mwanamkuu alimtazama kaka yake. Adinani alikuwa ameganda pale chini, uso umeanza kubadilika rangi.

"Mtoe nje," alisema Bi Zuwena. "Wimbo ule unamtaja mama yake mzazi."

Adhana ya Alasiri ikaanza. Sindano ilikuwa imening'inia juu ya santuri. Adinani alisimama, akaenda hadi mlangoni, akasimama mbele ya mlango alioufunga mwenyewe asubuhi ili mtu asitoke.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Hakuuingiza kwenye kitasa.

"Piga," alimwambia Abasi.